Ushuru ulioinua na kuangusha wakulima wa mvinyo

Msomaji, ukiingia katika supamaketi kubwa jijini Nairobi utaziona chupa za mvinyo kutoka Afrika Kusini. Aghalabu tunatazama bei na kupita. Hata hivyo, nyuma ya chupa hizo kuna kisa chenye funzo.

Zabibu za Rasi ya Tumaini Jema zilikamuliwa mara ya kwanza mwaka wa 1659, enzi ya Mholanzi Jan van Riebeeck. Baadaye mvinyo mtamu wa Constantia ulivuma Ulaya, hata Napoleon akapelekewa alipokuwa kifungoni kisiwani St Helena.

Waingereza waliiteka Rasi kwa mara ya pili mwaka wa 1806. Kwa kuwa walikuwa vitani na Ufaransa, mwaka wa 1813 London ilipunguza ushuru wa mvinyo wa Rasi hadi thuluthi moja ya ule uliotozwa mvinyo wa Ureno. Wakulima wakachangamka! Walikopa fedha, wakapanda mizabibu zaidi, na mapema miaka ya 1820 mvinyo uliongoza bidhaa zilizouzwa nje na koloni hiyo.

Lakini haraka haraka haina baraka. Mvinyo mwingi ulisafirishwa kabla haujakomaa, na sifa yake ikaharibika. Wauzaji wa London waliupenda kwa urahisi wa bei tu, wakauchanganya na mvinyo mwingine.

Mwaka wa 1825 London ikapunguza ushuru wa mvinyo wa Ulaya. Wakulima wengi wakabaki na mapipa na madeni. Mwaka wa 1860 Uingereza ikatia sahihi mkataba wa biashara na Ufaransa, upendeleo ukaisha, na soko likaporomoka. Ama kweli, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, waliozichuma zabibu hizo? Walikuwa watumwa, baadhi yao kutoka Msumbiji na Madagaska. Utumwa ulikomeshwa rasmi mwaka wa 1834, ingawa walishurutishwa kuwatumikia mabwana wao hadi 1838. Hata baada ya hapo, vibarua wengi walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, desturi iliyoitwa "dop". Ilipigwa marufuku, lakini katika baadhi ya mashamba iliendelea hadi miaka ya 1990. Mpaka leo, eneo hilo ni miongoni mwa yale yanayoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na kasoro kwa sababu mama zao walikunywa pombe wakiwa wajawazito.

Kwa hivyo, mwanafunzi anayesoma historia ya biashara ya kikoloni asihesabu mapipa tu. Aulize pia aliyeyajaza alilipwa nini.