Kijiji si mji, wala Pluto si sayari

Majuzi nilionyeshwa daftari la mwanafunzi wa shule ya msingi. Alikuwa ametakiwa kutaja sayari tisa. Akataja nane, akakoma. Mwalimu alimnyima alama moja, akamwandikia kwa wino mwekundu: "Utaridi je?" Simlaumu mwalimu, kwa kuwa alifunza alichofunzwa. Lakini haki ni ya mwanafunzi, na makosa ya mwalimu ni mawili.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Pluto iligunduliwa mwaka wa 1930 na Mmarekani Clyde Tombaugh, ikahesabiwa sayari ya tisa kwa miaka 76. Mnamo Agosti 2006, wanafalaki waliokutana mjini Prague waliamua kwamba gimba haliitwi sayari mpaka litimize masharti matatu: lilizunguke Jua, liwe na uzito wa kulifanya mviringo, na liwe limefagia njia yake pasisalie magimba mengine makubwa. Pluto ilishindwa na sharti la tatu, kwani inapita katikati ya halaiki ya magimba ya barafu ng'ambo ya Neptuni. Mojawapo, Eris, lililogunduliwa mwaka wa 2005, linakaribia kulingana nayo kwa ukubwa. Ama yote mawili yangeitwa sayari, ama yasiitwe.

Kosa la pili ni la jina. Utaridi ni jina la Kiarabu, nalo tangu kale ni la sayari iliyo karibu zaidi na Jua, tunayoiita Zebaki. Pluto haionekani kwa macho matupu, basi Waarabu wa kale wangeipaje jina? Orodha za shuleni zilizoiita Utaridi zimelitwaa jina la jirani wa Jua zikalivika gimba ambalo baridi yake hukaribia nyuzi 230 chini ya sufuri.

Tuiiteje basi? Wapo wasemao "sayari kibete". Mimi siridhiki. Katika sarufi yetu, mbuzi mfupi ni mbuzi, na sayari kibete haikosi kuwa sayari. Mtoto ataihesabu tena, nasi tutarudi kwenye tisa. Ilhali dawa tunayo nyumbani. Kutokana na mji tulipata kijiji; kutokana na mto, kijito. Hakuna anayedai kwamba kijiji ni mji ulioshindwa kukua. Kijiji ni kijiji, kina wazee wake na heshima yake. Kwa mantiki hiyo hiyo, napendekeza tuseme kijisayari.

Yamkini atazuka mtu aseme neno hilo linadunisha. La hasha! Kijisayari hiki hakidharauliki. Kinazungukwa na miezi mitano. Mkubwa wao, Charon, uliogunduliwa mwaka wa 1978, una kipenyo kinachozidi nusu ya kilomita 2,377 za Pluto. Kwa sababu hiyo, Charon na Pluto huzunguka kituo kilicho nje ya Pluto yenyewe, katika anga tupu baina yao, zikielekezeana uso ule ule kila mara, mzunguko mmoja kwa siku sita na ushei. Minne iliyobaki, Nix, Hydra, Kerberos na Styx, ni midogo mno, nayo iligunduliwa kati ya 2005 na 2012. Chombo cha New Horizons kilipopita huko Julai 2015, kilituletea picha za uwanda mpana wa barafu ya naitrojeni na milima ya barafu ya maji.

Milima hiyo ilikuwapo kabla ya 1930, na haikutikisika mwaka wa 2006. Kilichobadilika ni neno letu, kwa kuwa maarifa yetu yalipanuka. Lugha isiyokubali kurekebisha istilahi zake huwafunga wanafunzi wake katika elimu ya jana.

Walimu wenzangu, ifuteni Utaridi mwishoni mwa orodha zenu. Na yule mwanafunzi arudishiwe alama yake.