Koti la Caguwa na Kuta za Kimihurura

Jioni moja nilikuwa nimeketi katika nyumba ya kahawa juu ya kilima cha Kimihurura, mjini Kigali, pamoja na mama mmoja mtu mzima, jirani wa jamaa zangu, ambaye asili yake ni milima ya Bisesero, akaingia kijana wa miaka ishirini na kitu, nadhifu na mwenye adabu, amevaa koti la kijeshi la zamani la rangi ya zeituni, na juu ya mkono wa kushoto wa koti lile palishonwa kibendera kidogo cha buluu, nyeupe na nyekundu. Kijana hakutenda kosa lolote. Alisalimu, akaagiza chai, akafungua kompyuta yake. Lakini yule mama, ambaye alikuwa katikati ya maneno, alinyamaza ghafula, akageuza kiti chake mpaka akaipa mgongo meza ile, na kwa muda wa robo saa hakutamka neno.

Asiyejua habari za Bisesero angeona ajabu. Tarehe 27 Juni 1994 askari wa Kifaransa wa operesheni iliyoitwa Turquoise walipanda milima ile, wakakutana na Watutsi waliobaki hai baada ya majuma mengi ya kuwindwa, watu waliokonda na wenye majeraha, waliotoka mafichoni kwa kudhani kwamba auni imefika. Wakaambiwa wangoje, askari watarudi. Na askari wakarudi tarehe 30, na katika siku zile za kungoja wale waliokuwa wamejidhihirisha waliuawa kwa mamia. Tume ya wataalamu iliyoongozwa na mwanahistoria Vincent Duclert ilitoa ripoti mwezi wa Machi 2021 na kusema kwamba dhamana ya Ufaransa katika mauaji ya kimbari ya mwaka ule ni nzito mno, ingawa haikuona ushahidi wa kushiriki katika mauaji; na tarehe 27 Mei mwaka ule ule Rais Emmanuel Macron alisimama Gisozi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000, akaikiri dhamana hiyo. Mapatano ya serikali ni jambo jema, nami nilifurahi siku ile; lakini hayafiki upesi katika macho ya mtu aliyeiona rangi ya bendera ile ikishuka mlimani na kumwacha.

Nilimwuliza kijana, baadaye, koti amelipata wapi. Alilinunua katika soko la Kimironko, kwa faranga 12,000, katika caguwa. Neno hili ni letu Waswahili, maana nguo za mitumba humwagwa chini na mnunuzi huambiwa chagua, na Kinyarwanda kimelichukua neno, kikaliandika kwa namna yake na kulifanya jina la biashara nzima. Mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, kwa nia ya kuviinua viwanda vya hapa nchini, na Marekani ikakasirika hata mwaka 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza mavazi huko bila ushuru. Bei zikapanda, lakini marobota hayakukoma kuingia. Ndani ya robota moja hukaa fulana ya mtoto wa shule, gauni la arusi, na koti la askari asiyejulikana. Koti la namna hiyo hutoka katika ghala la jeshi, likapita mikono miwili au mitatu ya wauzaji, likafungwa, likavuka bahari, na katika safari hiyo kila kitu chake hufika salama isipokuwa habari yake. Kijana alijua kwamba kibendera ni cha Ufaransa. Alikipenda kwa ajili ya timu ya mpira.

Wapo wasemao kwamba nguo ni nguo, na kwamba kizazi kisichoona vita kisibebeshwe mzigo wa walioviona. Wapo, kwa upande wa pili, watakao sheria ikate shauri: ipigwe marufuku. Marufuku hizo jirani zetu wanazijua. Uganda, mwezi wa Septemba 2019, ilichapa katika gazeti la serikali orodha ya mavazi ya jeshi yasiyoruhusiwa kwa raia, na bereti nyekundu ya wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine ikajikuta imo. Tanzania, mwezi wa Agosti 2023, jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare na nguo zinazofanana nazo. Sina haja ya kuhoji hapa sababu za usalama, maana mwizi aliyevaa kama askari ni hatari ya kweli. Ninalosema ni kwamba sheria za namna hiyo hulinda heshima ya jeshi la nchi, hazilindi kumbukumbu ya raia. Hakuna askari polisi awezaye kupewa orodha ya vitu vyote vinavyomrudisha mtu mwaka 1994, kwa kuwa vingine ni vitu ambavyo duniani kote havina hatia: filimbi, jani la mgomba, kitenge.

Nalitaja kitenge kwa makusudi. Interahamwe, kabla ya kuwa kundi la wauaji, lilikuwa jumuiya ya vijana wa chama tawala cha MRND, na katika mikutano na maandamano vijana wale walivaa mashati mapana ya kitenge yenye rangi nyingi, wakacheza ngoma na kuimba, hata wapita njia wakasimama kuwatazama kwa furaha. Vazi lile lilikuwa zuri. Hilo ndilo jambo gumu kulieleza kwa watu wa mbali, ambao hudhani kwamba uovu huja umevaa nguo nyeusi zenye mafuvu. Hapa ulikuja umevaa nguo ya sikukuu. Na nimewajua wanawake ambao hata leo, zaidi ya miaka thelathini baadaye, wakienda dukani huipita nakshi fulani kama wapitavyo moto.

Basi fikiri kazi ya mtu anayetengeneza filamu. Anatakiwa kumvisha mwigizaji shati lile, kumpa panga, kumweka barabarani, kisha kupiga picha mara kumi mpaka mwanga ukae sawa. Hotel Rwanda, ya Terry George, iliyotoka mwaka 2004 na kuieneza habari yetu ulimwenguni kuliko filamu nyingine yoyote, ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini, mbali na masikio yetu. Lakini Raoul Peck, mtu wa Haiti, aliipiga Sometimes in April hapa hapa Rwanda. Na Michael Caton-Jones aliipiga Shooting Dogs katika ile ile shule ya ETO ya Kicukiro, ambako tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka na kuwaacha watu zaidi ya 2,000 waliokimbilia kwao, na wengi wa watu hao wakapelekwa Nyanza na kuuawa. Miongoni mwa waliofanya kazi nyuma ya kamera walikuwamo walionusurika, ambao walitaka kwa hiari yao habari ile isimuliwe mahali ilipotukia. Na majirani, walipozisikia tena filimbi na kelele za umati, wengine walipatwa na hofu ya mwaka ule kana kwamba haikupita siku. Wote wawili walikuwa na haki. Aliyetaka habari isimuliwe alikuwa na haki, na aliyeziba masikio alikuwa na haki, na mwongozaji aliyesimama kati yao hakuwa na kitabu cha kumwambia afanye nini.

Tangu hapo hali imebadilika, na mabadiliko haya ndiyo yaliyonifanya niandike. Sasa zaidi ya nusu ya Wanyarwanda wamezaliwa baada ya 1994. Vijana wetu wenyewe wameshika kamera: Kivu Ruhorahoza, katika Matière grise ya mwaka 2011, hakuyaonyesha mauaji kwa damu, bali alimwonyesha kijana anayehangaika kutengeneza filamu juu ya msiba, na akili za walioachwa nao; naye Joel Karekezi akapata farasi wa dhahabu wa Yennenga kule Ouagadougou mwaka 2019 kwa filamu ya askari wawili waliopotea msituni Kongo. Hawa hawaulizi kama picha ya vita inaweza kuonyeshwa. Wanauliza ionyeshwe na nani, kwa nani, na baada ya kumwambia nini. Naliona swali lao kuwa la watu wazima zaidi kuliko letu, sisi tuliokuwa tukigombana tu kati ya kuonyesha na kuficha.

Uzito wa swali hilo unaonekana katika kazi ya Nick Hughes, mpiga picha wa Kiingereza, ambaye mwezi wa Aprili 1994 alisimama juu ya jengo la shule ya Kifaransa ya Kigali, akaelekeza kamera yake upande wa pili wa bonde, akanasa wanawake wakiuawa barabarani. Dunia haina picha nyingi za sinema zinazoyaonyesha mauaji yenyewe. Hiyo ni moja katika chache mno. Baadaye aliitoa kuwa ushahidi mbele ya mahakama ya kimataifa kule Arusha, kisha akashirikiana na Eric Kabera kutengeneza 100 Days, filamu ya hadithi iliyotoka mwaka 2001, iliyopigwa Kibuye. Picha ile ya bondeni, ikiletwa mahakamani na mtu anayeapa kwamba yeye ndiye aliyeipiga, siku fulani, mahali fulani, ni shahidi. Ikikatwa sekunde tano, ikawekewa muziki na kupitishwa kutoka simu hadi simu, ni unajisi wa maiti. Wala hakuna hata chembe moja ya mwanga wake iliyobadilika.

Ndugu zetu wa Unguja wanalijua jambo hili kwa uchungu wao. Mwezi wa Januari 1964, siku za mapinduzi, Waitalia Jacopetti na Prosperi walipitisha kamera juu ya kisiwa kile, wakapiga kutoka angani picha za makaburi na za watu waliokuwa wakikimbilia pwani, na mwaka 1966 wakazitia katika filamu yao Africa Addio, filamu iliyojaa dharau kwa Mwafrika kiasi kwamba mtu mwenye staha huona haya kuitazama. Na hata hivyo ni vigumu kupata picha nyingine za sinema za mauaji ya siku zile. Kwa miaka mingi zilitajwa kwa kunong'ona. Siku hizi vipande vyake vinazunguka bila jina la aliyevipiga wala nia yake, kila mwenye hoja akikata kinachomfaa. Ushahidi huo adimu umo ndani ya sanduku la mtu mwenye nia mbaya, na sanduku limetupwa, ushahidi ukaachwa ujitetee wenyewe. Nasikitika kwamba makumbusho ya huku kwetu hayakulishika mapema jambo hili, wakati waliokimbia pwani walipokuwa bado hai kwa wingi na wangeweza kusema: yule ni fulani, pale ni mahali fulani.

Hapa Kimihurura tumefanya vizuri zaidi, nami nalisema hili kwa shukurani. Kutoka meza ile ya nyumba ya kahawa mtu akishuka kidogo huliona jumba la Bunge, lile ambalo zamani liliitwa CND, ambamo askari 600 wa RPF, waliokuwa wakipigana na serikali ya wakati ule, waliwekwa tarehe 28 Desemba 1993 kwa mujibu wa Mapatano ya Arusha, na ambamo walizingirwa na kupigwa makombora kutoka kambi ya walinzi wa rais iliyokuwa jirani. Nchi hii imejenga mengi tangu siku hizo. Imemaliza mwaka 2016 ukumbi wa mikutano wenye kuba lile la taa, si mbali na hapo. Ingeweza kuyaziba matundu ya makombora yale kwa mfuko mmoja wa saruji. Haikuyaziba. Upande mmoja wa jumba umeachwa na alama zake, na tangu Desemba 2017 yamo ndani yake makumbusho yanayoeleza nani alipiga, kutoka wapi, na kwa nini. Humo humo, mwezi wa Februari 2017, wabunge walipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi, na sisi Waswahili wa Biryogo na Nyamirambo tukashangilia. Sijui jumba jingine ambamo lugha yangu imepokewa na kuta zenye majeraha namna ile.

Kule Gisozi kadhalika, gazeti la chuki la Kangura, ambalo katika mwaka 1993 lilichapa panga juu ya ukurasa wake wa mbele, limewekwa chini ya kioo na maelezo pembeni. Kule Nyamata nguo za waliouawa kanisani zimelazwa juu ya mabenchi, zimepauka na kushikana, na hakuna mgeni anayezitazama akafikiri habari ya mtindo.

Kwa hiyo sitaki kijana wa caguwa aaibishwe, wala muuzaji wa Kimironko anyang'anywe mzigo wake. Nataka mambo mawili. Kwanza, mashati ya kitenge yanayoshonwa kwa ajili ya filamu yahesabiwe kama zinavyohesabiwa bunduki za bandia, na kazi ikiisha yasiachwe yaingie sokoni. Maana nguo iliyoshonwa kwa kuigiza uovu, ikishafika katika robota, haitofautiani na ile ya kweli. Pili, makumbusho ya Bunge yatenge kabati moja kwa nguo za vita ambazo wananchi watazileta kwa hiari yao, sare, vibendera, kofia, kila kimoja na karatasi yake: kilivaliwa wapi, kilinunuliwa wapi, nani amekileta, na amekumbuka nini.

Yule mama na yule kijana walikutana tena, kwa kuwa Kimihurura si kubwa. Nilikuwa nimemweleza kijana habari za Bisesero, naye alimwendea mwenyewe, akasimama mbele yake bila koti, akauliza, "Mama, nilitupe?" Mama akamwambia aketi. Akasema, "Koti silo, mwanangu. Koti ni la baridi. Ni kile cha begani." Kisha akamsimulia, kwa muda mrefu, nami nikaondoka kwa sababu hayakuwa yangu.

Kibendera kijana amekifumua kwa wembe, lakini hakukitupa. Kimo ndani ya daftari lake, kimebanwa kwa pini, na chini yake ameandika kwa kalamu jina la kilima na tarehe mbili za Juni.