Kivinjari Kipya Kipimwe Kwanza kwenye Mashine Ndogo

Karibu kila mwezi, Google na Mozilla huwapa watumiaji wanaojitolea toleo la beta la vivinjari vyao, Chrome na Firefox. Hilo ni toleo la majaribio: linatumika, lakini bado linasakwa kasoro kabla ya kuwafikia mamilioni ya watu duniani. Tangazo lake halikosi kusifu kasi. Kinachotajwa kwa nadra ni kumbukumbu, ile RAM ambayo kivinjari hukalia muda wote kinapokuwa wazi. Kwa mwenye kompyuta ya gigabaiti 16, hilo halimnyimi usingizi. Kwa mwenye steshenari mjini Morogoro au Kisumu, anayewajazia wateja fomu za mikopo ya elimu ya juu kwa kompyuta iliyotumika Ulaya miaka kadhaa kabla ya kuuzwa Kariakoo au Luthuli Avenue ikiwa na gigabaiti 4, hilo ndilo jambo lenyewe.

Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Mfumo wa Windows huchukua sehemu kubwa ya gigabaiti hizo kabla mtu hajafungua chochote. Kikifunguliwa kivinjari chenye barua pepe, tovuti ya bodi ya mikopo, WhatsApp ya kupokelea nyaraka za wateja na ukurasa mmoja au kurasa mbili za habari, RAM hujaa. Kompyuta basi huanza kuhamishia mizigo yake kwenye diski, na diski za zamani, zile za kuzunguka, ni za polepole mno zikilinganishwa na RAM. Kishale kinaganda. Mteja anahema. Kasi iliyosifiwa kwenye tangazo imeishia huko huko maabara.

Kwa hiyo kwenye mashine ndogo, kasi na kumbukumbu havitenganishiki, na toleo la beta lisilopimwa kwenye mashine ya namna hiyo halijapimwa. Watengenezaji wa vivinjari wanaweza kufanya kazi hiyo. Uthibitisho upo, kwa sababu waliwahi kuifanya.

Firefox 2, iliyotoka Oktoba 2006, ilipendwa na kulalamikiwa kwa wakati mmoja. Ikiachwa wazi tangu asubuhi, jioni ilikuwa imekalia mamia ya megabaiti, na kufunga madirisha hakukutosha kuirudishia kompyuta vilivyochukuliwa. Sehemu ya malalamiko hayo ilikwisha kupewa jibu la haki. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2005, Firefox ilikuwa ikihifadhi kurasa zilizotoka kutazamwa, ili mtu akibonyeza kitufe cha kurudi nyuma azione papo hapo. Mwanzoni mwa 2006 Ben Goodger, mmoja wa wahandisi wakuu wa kivinjari hicho, alieleza kwamba hiyo ilikuwa kazi iliyokusudiwa, wala si kasoro, na kwamba idadi ya kurasa ilipangwa kwa ukubwa wa RAM: kurasa 8 kwa kompyuta ya gigabaiti 1, kurasa 5 kwa ya megabaiti 512, na 3 kwa ya megabaiti 256.

Maelezo yake yalistahili kusikilizwa, na yanastahili hata leo. Anayefungua orodha ya programu zinazotumika, akaona kivinjari kiko juu kabisa, hajaona kosa bado. Kumbukumbu iliyotengwa kwa kazi yenye faida, na inayoachiliwa mara programu nyingine inapoihitaji, haijapotea. Swali ni kama inaachiliwa kweli. Katika Firefox ya wakati ule, mara nyingi haikuachiliwa.

Waliochimba walikuta matatizo ya aina tofauti. La kwanza ni uvujaji wa kawaida: programu inaomba kipande cha kumbukumbu, inamaliza kazi yake, kisha haikirudishi. La pili ni gumu zaidi. Vitu viwili ndani ya programu vinashikiliana, na kila kimoja kinahesabiwa kuwa bado kina kazi kwa sababu kingine kimekishika, ingawa ukurasa uliovizaa umefungwa zamani. Wahandisi wa Mozilla walitengeneza chombo cha kutafuta minyororo ya namna hiyo na kuikata kila baada ya muda.

Tatizo la tatu halikuwa uvujaji hata kidogo. Kumbukumbu ilikuwa ikirudishwa, lakini kwa vipande vilivyotapakaa, kama daladala yenye viti vitano vitupu, kimoja huku na kimoja kule, na familia ya watu watano inayotaka kukaa pamoja. Kivinjari kilipohitaji nafasi kubwa iliyoungana, kiliomba mpya, na ile ya zamani ikabaki bila kazi. Dawa ilipatikana nje ya Mozilla. Jason Evans alikuwa ameandika programu ya kugawa kumbukumbu iitwayo jemalloc kwa ajili ya mfumo wa FreeBSD, na Mozilla waliichukua wakaiingiza ndani ya Firefox 3.

Halafu zikaja picha. Faili la picha linaweza kuwa la kilobaiti 100 linapopakuliwa, lakini picha yenye nukta 1,000 kwa upana na 1,000 kwa urefu ikifunguliwa ili ichorwe kwenye skrini hufikia karibu megabaiti 4. Firefox ilikuwa ikiziweka picha hizo zikiwa zimefunguliwa, hata zile ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama. Ilifundishwa kuitupa nakala iliyofunguliwa baada ya muda mfupi na kubaki na faili dogo.

Yote hayo yalifanyika hadharani, ndani ya matoleo ya beta, kuanzia Beta 1 ya Novemba 2007 hadi Beta 5 ya Aprili 2008. Kilichostahili kuigwa kuliko vyote ni jinsi walivyopima. Stuart Parmenter, aliyeiongoza sehemu kubwa ya kazi hiyo, alieleza Machi 2008 jaribio lao: kurasa 29 tofauti zinafunguliwa kwa kupokezana katika madirisha 30, mzunguko huo unarudiwa mara 11 hadi kurasa 319 ziwe zimefunguliwa, kisha madirisha yote yanafungwa isipokuwa moja, na kivinjari kinaachwa kitulie kwa dakika chache. Hapo ndipo kumbukumbu inasomwa. Kipimo hicho kinafanana na siku nzima ya mtu anayefanya kazi, na kinauliza swali sahihi: baada ya vurugu yote, umerudisha kiasi gani? Firefox 3 ilipotoka rasmi tarehe 17 Juni 2008, ilipakuliwa mara 8,002,530 ndani ya saa 24 na kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness.

Miezi mitatu haijaisha, Google wakaleta Chrome. Beta yake ya kwanza ilitoka tarehe 2 Septemba 2008 ikiwa na muundo tofauti: vichupo vilitenganishwa katika michakato inayojitegemea. Kichupo kimoja kikianguka, vingine vinaendelea. Kikifungwa, mfumo wa kompyuta unachukua kumbukumbu yake yote kwa mkupuo, na tatizo la vipande vilivyotapakaa linapungua sana. Muundo huo ulikuwa wa busara, na vivinjari vingine viliufuata baadaye. Gharama yake ni kwamba kila mchakato una mzigo wake wa kuanzia, na mwenye vichupo ishirini anaulipa mzigo huo tena na tena.

Mozilla hawakukimbilia huko. Mwaka 2011 Nicholas Nethercote alianzisha juhudi iliyoitwa MemShrink ya kuwinda matumizi mabaya ya kumbukumbu kwa mpangilio, na Firefox 7, iliyotoka Septemba mwaka huo huo, ilitumia kumbukumbu pungufu kwa asilimia 20 hadi 30, na wakati mwingine hata 50. Walipoamua hatimaye kugawa kivinjari katika michakato mingi, mwaka 2017, waliweka kikomo cha michakato minne ya kurasa ili mashine za kawaida zisilemewe. Uamuzi huo unafaa kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba kivinjari cha kisasa hakina budi kula kumbukumbu.

Tangu Januari 2018 suala hili limeacha kuwa la starehe tu. Mwezi huo dunia ilijulishwa kuhusu udhaifu wa vichakataji ulioitwa Spectre, ambao ungeweza kuruhusu tovuti yenye nia mbaya kusoma data ya tovuti nyingine zilizomo ndani ya mchakato mmoja. Kinga ya Chrome ilikuwa kuhakikisha kila tovuti ina mchakato wake, bila kuchanganywa. Google wenyewe walisema kinga hiyo kwenye kompyuta iliongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Ilipofika zamu ya simu za Android, katika Chrome 77 ya mwaka 2019, kinga ilitolewa kwa tovuti zile tu ambazo mtumiaji huingia kwa nywila, na kwa simu zenye RAM ya gigabaiti 2 au zaidi.

Maana yake iko wazi. Mwenye simu ya gigabaiti 1 hakupewa kinga hiyo. Huenda ni mkulima wa Mbeya au muuza samaki wa Homa Bay, na benki yake iko kwenye simu hiyo hiyo. Wahandisi walikuwa na sababu, kwani simu hiyo ingelemewa. Lakini sababu hiyo inathibitisha kwamba megabaiti zinazopotezwa mahali pengine ndani ya kivinjari zinakula nafasi ambayo ingemlinda mtu. Kampuni inayoona kumbukumbu kuwa kitu cha bei rahisi inapanga, ijue isijue, nani alindwe na nani aachwe.

Dawa iliyopendwa miaka ya karibuni ni kulaza vichupo. Kivinjari cha Edge kilianza kufanya hivyo Januari 2021, Firefox kwa Windows ikafuata Oktoba 2021, na Chrome ikaleta hali ya kuokoa kumbukumbu Desemba 2022. Kila kimoja kina njia yake, lakini katika Chrome na Firefox kichupo kisichotazamwa huondolewa kwenye RAM, na mtu akikirudia, ukurasa unapakuliwa upya. Ni jambo jema, lakini limebuniwa na watu ambao intaneti kwao haihesabiwi kwa megabaiti. Kwa mtumiaji wa bando la siku, RAM iliyookolewa inalipiwa kwa bando. Mtandao ukiwa umeyumba, ukurasa aliokuwa akiusoma haurudi kabisa. Wanaojaribu beta wakiwa Dar es Salaam au Kampala wangeiona kasoro hii siku ya kwanza. Wanaojaribu wakiwa California watachelewa kuiona.

Hata mtihani ambao vivinjari hushindanishwa nao una upungufu huo. Speedometer 3, kilichotolewa Machi 2024 kwa ushirikiano wa Apple, Google, Mozilla na wengine, hupima jinsi kivinjari kinavyoitikia haraka pale mtu anapobonyeza na kuandika. Ni kipimo kizuri, kimefanya kazi ya maana. Hakipimi kumbukumbu. Na wahandisi, kama wafanyakazi wote, huboresha kile kinachopimwa.

Wenye tovuti nao wana sehemu yao, na hapa magazeti hayatajitoa. Ukurasa wa kawaida wa wavuti leo una uzito unaozidi megabaiti 2 kabla ya kufunguliwa ndani ya RAM, na hapo bado hazijahesabiwa video za matangazo zinazojiwasha zenyewe. Taasisi ya umma inayoweka picha tano kubwa zinazozunguka juu ya fomu ya maombi inamzuia mwombaji asiifikie fomu. Lakini hilo haliwaondolei jukumu watengenezaji wa kivinjari, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kuwawekea mipaka wote wengine.

Wanachopaswa kudaiwa ni kitu mahsusi. Kila toleo la beta litolewe pamoja na matokeo ya jaribio linalofanana na lile la mwaka 2008, likifanywa kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 yenye diski ya kuzunguka na kwenye simu ya gigabaiti 2, na matokeo hayo yawekwe kando ya yale ya toleo lililotangulia. Matumizi ya kumbukumbu yakiwa yamepanda, sababu ielezwe. Kinga kama ile ya Spectre ni sababu nzuri. Kitufe kipya cha kuzungumza na akili mnemba kinachokaa ndani ya RAM bila kuitwa si sababu nzuri, na mtumiaji awe na njia ya kukizima moja kwa moja.

Upande wa watumiaji, kazi hii haihitaji shahada. Toleo la beta la Firefox linaweza kusakinishwa kando ya lile la kawaida bila kuligusa, na la Chrome vivyo hivyo. Ukiandika about:processes kwenye upau wa anwani wa Firefox, utaona kila kichupo na kiasi kinachokalia. Kwenye Chrome ya kompyuta, vitufe vya Shift na Esc hutoa orodha kama hiyo. Taarifa za kasoro za Firefox hupokelewa katika mfumo wa Bugzilla, ambao uko wazi kwa kila mtu. Vyuo vya Afrika Mashariki vina maabara zenye kompyuta za aina hasa inayokosekana kwenye majaribio haya, na vina wanafunzi wa kompyuta wanaotafuta kazi ya mradi ya mwisho wa mwaka. Mwanafunzi mmoja anayerudia zile kurasa 319 kwenye mashine ya maabara yake, kila beta inapotoka, na kutuma namba alizozipata, atakuwa amewapa wahandisi wa Mozilla kipimo ambacho mashine zao wenyewe haziwezi kuwapa.