Seneta Kaine na Madaraka ya Kutoza na Kutumia

Kati ya tarehe 28 na 30 Oktoba 2025, Baraza la Seneti la Marekani lilipitisha maazimio matatu ya kufuta ushuru wa forodha ambao Rais Donald Trump aliuweka kwa madaraka ya hali ya dharura: la kwanza lilihusu bidhaa za Brazili na lilipata kura 52 dhidi ya 48, la pili lilihusu Kanada kwa kura 50 dhidi ya 46, na la tatu liligusa ushuru uliowekewa karibu nchi zote duniani, kwa kura 51 dhidi ya 47. Mawili ya mwanzo yaliletwa na Tim Kaine, seneta wa chama cha Democratic kutoka Virginia, ambaye mwaka huohuo alipinga pia ukataji wa fedha ambazo Bunge lilikwisha kuziidhinisha. Wako wanaoyaona hayo kuwa malalamiko mawili ya chama kilichoshindwa uchaguzi. Ukweli ni kwamba ni hoja moja, nayo inahusu nani mwenye haki ya kumtoza mwananchi kodi na nani mwenye haki ya kuamua kodi hiyo itumikeje.

Katiba ya Marekani inalijibu swali hilo katika ibara yake ya kwanza, inayolipa Bunge madaraka ya kutoza kodi na ushuru, na inayokataza fedha kutoka hazina pasipo sheria. Ushuru wa forodha ni kodi inayolipwa na mwagizaji bidhaa inapoingia nchini, si na nchi iliyoiuza, na mara nyingi mwagizaji huiingiza katika bei, hata mzigo ukamwangukia mnunuzi. Mwaka 1930 Bunge lenyewe lilipandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa, nchi nyingine zikalipiza kisasi na biashara ya dunia ikaporomoka. Ndipo mwaka 1934 lilipomruhusu rais kupunguza viwango kwa njia ya mikataba, na tangu hapo madaraka hayo yakawa yanahama kidogo kidogo. Sheria ya 1977 inayomruhusu rais kuchukua hatua za kiuchumi wakati wa dharura ilitumiwa kwa miongo kadhaa kuwawekea vikwazo maadui, na hakuna rais aliyeitumia kutoza ushuru kabla ya 2025. Mei mwaka huo Mahakama ya Biashara ya Kimataifa, iliyoko New York, iliamua kwamba sheria hiyo haimpi rais uwezo huo, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo mwezi Agosti.

Dharura zenyewe hazina mizani. Ushuru wa Kanada ulielezwa kuwa ni silaha dhidi ya fentanili, dawa ya kulevya iliyoua Wamarekani wengi mno, na hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kulidharau janga hilo. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2024 maofisa wa mpaka wa kaskazini walikamata takriban kilo 20 tu za dawa hiyo, ilhali katika mpaka wa kusini zilikamatwa zaidi ya kilo 9,000. Kwa Brazili hali ilikuwa ya kusikitisha zaidi, kwa kuwa ushuru wa asilimia 50 ulihusishwa waziwazi na kesi ya rais wake wa zamani, Jair Bolsonaro, ingawa Marekani huiuzia nchi hiyo zaidi ya inavyonunua kwake. Brazili ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha kahawa, nayo Marekani karibu hailimi zao hilo ila Hawaii na Puerto Rico, kwa hiyo ushuru huo haukumlinda mkulima yeyote wa maana. Ulimpandishia bei mnywaji tu.

Katika matumizi ya serikali, kosa ni lilelile likiwa limegeuzwa upande. Baada ya Rais Richard Nixon kukataa kutoa fedha zilizoidhinishwa, Bunge lilitunga sheria mwaka 1974 inayomtaka rais anayetaka kufuta fungu fulani aombe kibali, na Bunge lisipokubali ndani ya siku 45, fedha zitolewe. Agosti 2025 ikulu ilileta ombi la kufuta dola bilioni 4.9 za misaada ya nje zikiwa zimebaki siku zisizofika 45 mwaka wa fedha uishe, ili muda umalizike bila Bunge kuamua lolote. Watetezi wa hatua hizo wana hoja moja ya kweli, nayo ni deni la taifa, ambalo limevuka dola trilioni 38. Hata hivyo, Bunge lililokata matumizi ya dola bilioni 9 mwezi Julai ndilo lililopitisha mwezi huohuo sheria ya kodi ambayo ofisi yake ya bajeti ilikadiria kwamba itaongeza nakisi kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi. Aliyeshtushwa kweli na deni hawezi kuanza hivyo.

Itasemwa kwamba Kaine anatetea masilahi ya jimbo lake, lenye zaidi ya watumishi wa umma 140,000 wa serikali kuu na karakana kubwa ya meli za kijeshi ya Newport News, inayohitaji chuma na alumini. Ni kweli, na ndiyo kazi aliyochaguliwa kuifanya.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na kura hizo za Seneti. Mwaka 2025 bidhaa za Kenya na Tanzania ziliwekewa ushuru wa asilimia 10 na za Uganda asilimia 15, na mpango wa AGOA, ulioviruhusu viwanda vya nguo vya Kenya kuuza Marekani bila ushuru tangu mwaka 2000, ulimalizika muda wake tarehe 30 Septemba 2025. Katika upunguzaji wa Julai, ombi la kwanza lilikuwa dola bilioni 9.4, lakini maseneta wachache wa Republican, akiwemo Susan Collins wa Maine, walikataa kugusa dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, na fedha hizo zikanusurika. Mgonjwa wa Kisumu au Mbeya anayemeza dawa za kufubaza virusi anategemea kwa sehemu ujasiri wa watu kama hao.

Kikwazo kikubwa mwaka 2025 hakikuwa ikulu. Sheria ya dharura ya 1976 iliruhusu Bunge kuifuta dharura bila saini ya rais, lakini uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1983 uliuondoa uwezo huo, na tangu hapo rais anaweza kulipinga azimio hata likipita. Juu ya hayo, Machi 2025 uongozi wa Baraza la Wawakilishi ulipitisha kanuni kwamba siku zilizobaki za kikao hazitahesabiwa kuwa siku kwa ajili ya sheria hiyo, ili muda wa kulazimisha kura juu ya ushuru wa Kanada usifike mwaka huo. Rais anayejitwalia madaraka anaweza kuzuiwa na mahakama. Bunge linalosimamisha kalenda ili lisipige kura haliwezi kuzuiwa na yeyote ila wajumbe wake. Wawakilishi wa Republican walioamini kwamba ushuru huu ni mzuri walikuwa na njia ya heshima iliyo wazi, nayo ilikuwa kuifuta kanuni hiyo, kuyaleta mezani maazimio ya Seneti na kupiga kura ya hapana kwa majina yao.