Tuache Kukemea Kila Kitu

Leo nina jambo ambalo ni afadhali ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Nilikosea.

Mama mmoja wetu alinipigia simu usiku akilia. Mwanawe wa miaka 19, aliyemaliza fomu foo na hana kazi bado, anajenga kifaru. Si wale vifaru wa Lake Nakuru tunaowapeleka watoto wa Sunday School kuwaona. Kifaru cha vita, cha mabati, kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Bila kuuliza swali hata moja nikasema hiyo ni roho ya vita, kitolewe hapo. Nikaomba kwenye simu, nikalala vizuri. Kijana hakuonekana kanisani majuma sita.

Jumatatu moja nikaenda mwenyewe. Ndugu yangu, dada yangu, ngoja nikueleze nilichokiona.

Alichukua picha za Vickers Mk 3, kifaru ambacho jeshi letu lilinunua Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, akagawanya kila kipimo kwa 6. Mwili wa mita saba na nusu ukawa mita moja na robo hivi. Mtutu wa milimita 105 ukawa kipande cha bomba la maji la nusu inchi. Ndani ameweka mota mbili za waipa za magari yaliyokufa, moja kila upande, na betri ya pikipiki. Mota ya waipa huenda polepole lakini ina nguvu. Akizima ya kushoto, ya kulia inaendelea kusukuma, na kifaru kinageuka kushoto. Hakuna usukani.

Shida ilikuwa minyororo. Aliitengeneza kwa cheni za baiskeli na vipande vya bati, na kila kifaru kikikata kona ilichomoka. Akaweka gurudumu la mbele kwenye bolti ya kuvuta, kama unavyokaza cheni ya boda. Akakaza sana, mota zikachemka. Akalegeza, ikachomoka tena. Mwishowe akachomelea jino dogo katikati ya kila kibati ili gurudumu lisiteleze kando. Halafu akagundua kwamba kwenye mawe kifaru kinasimama kwa magurudumu mawili tu, mengine yananing'inia. Akafungua yote, akaning'iniza kila gurudumu kwa mpira wa tairi kuukuu, liweze kupanda na kushuka peke yake. Hiyo ilikuwa mara ya sita kukivunja na kukijenga upya, na hakuna aliyemtuma.

Kisha akanifundisha historia, mimi pasta wake. Mwaka 1915, huko Lincoln, Uingereza, waliojenga kifaru cha kwanza kabisa walisumbuliwa na hilo hilo: minyororo waliyoagiza Marekani ilikuwa ikichomoka, ikabidi wabuni mingine. Na kwa ajili ya siri ikasemekana wanatengeneza matangi ya maji. Ndiyo sababu Mwingereza hadi leo akisema kifaru anasema tangi. Nilikuwa sijui.

Chuoni tulikariri vipimo vyote vya hema ya kukutania. Nilipita mtihani vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyechonga kigingi kimoja cha hiyo hema. Na bado Kutoka 31 inasema Bezaleli alijazwa Roho ili afanye kazi ya mikono. Soma pia 2 Nyakati 26. Mafundi wa Yerusalemu wanamtengenezea mfalme Uzia mitambo ya kurusha mishale na mawe makubwa, na hakuna anayewakemea. Shida inaanzia moyoni mwa mfalme alipojivuna. Mimi niliruka moyo, nikakemea bati.

Lakini usimcheke yule mama, tafadhali. Januari 2008 alitoka upande wa Molo na huyo kijana akiwa mgongoni, wakalala kwenye hema pale Showground. Anakumbuka malori ya askari. Sasa usiku anasikia chuma kikikwaruza sementi nyuma ya nyumba yake, na usingizi unakatika. Hilo si pepo. Ni kumbukumbu, na mimi sikumuuliza hilo pia. Kwa maombi ya dakika tatu niliwanyamazisha wote wawili.

Najua kuna mzazi atasema kijana wa miaka 19 anacheza. Mzazi huyo huyo mwanawe yuko kitandani na simu, anabeti mechi za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na hajanipigia kulia. Sisi tuliokua miaka ya themanini tuliunda magari ya waya, matairi yakiwa vifuniko vya Kimbo, na hakuna aliyetuuliza faida. Nakiri na mimi niliuliza. Nilimwambia, je, hiki hakiwezi kubeba mbolea Subukia wakati wa matope? Akaniangalia kwa heshima. "Pasta, hiki ni kifaru." Nikanyamaza.

Tulikaa watatu jikoni karibu saa nzima. Nilimwomba mama msamaha, nikamwomba kijana. Wao wenyewe wakaelewana. Majaribio ni mchana tu, mama akiwa Wakulima sokoni, na mtutu ukawekewa skrubu. Mama akirudi, mtutu uko chini ya kitanda na kile kilichobaki kibandani kinafanana na trekta lililokatwa mguu. Mama ameniambia bado hakipendi. Ana haki.

Ndugu mmoja wetu mwenye karakana kule Industrial Area amekubali kijana achomelee kwake Jumamosi. Kilichobaki ni kichwa, ambacho sasa anakizungusha kwa mkono. Anahitaji mota moja zaidi ya waipa. Kama una gari la zamani limelala kwako, niandikie inbox. Nitakuja kuifungua mwenyewe, nina spana.