Ndama Hakuomba Ekari

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira mvua ni nyingi na mashamba ni madogo, hivyo ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa zizini. Mara nyingi ndama hufungwa pembeni, penye giza na tope. Akikohoa au kuhara, mwenyewe hulaumu bahati. Si bahati, ni sakafu! Mvuke wa mkojo hudhuru mapafu yake. Mavi yaliyolowana hueneza maradhi ya tumbo. Upweke humfanya mwoga na mzito wa kujifunza kula. Wengine hujitetea kwamba shamba halitoshi. Je, ndama ameomba ekari? Aomba sakafu ya mbao iliyoinuliwa, matandiko makavu, mwanga, na nafasi ya kuwaona wenziwe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Amlazaye ndama topeni asitazamie mtamba wa maziwa mengi.