Magoti yako nayo ni mtaji

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunayajua mapigano ya Kichina kwa mateke na mayowe. Mtu akitaja tai chi, ile ya polepole ya wazee wa bustanini, tunacheka.

Lakini mtazame mfanyabiashara wa Ayivu. Leo alfajiri anavuka Vurra kwenda soko la Ariwara, upande wa Kongo. Juma lijalo yuko Oraba akisubiri lori livuke kuingia Kaya, Sudan Kusini. Kutwa amekaa juu ya magunia, kisha anainuka ghafla kubeba. Kiuno na magoti ndivyo vinavyolipa ushuru wa kwanza.

Tai chi inagusa hapo hapo. Magoti yanalegezwa kidogo, mgongo wima, uzito unahamishwa polepole kutoka mguu huu hadi ule bila kuyumba. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliipendekeza kwa mkazo kwa wenye magoti na nyonga zilizolika. Mtindo mfupi wa miondoko 24, uliotungwa China mwaka 1956, huchukua kama dakika sita. Nafasi kati ya malori mawili yaliyozimwa inatosha.

Ninachopinga ni kuifundisha kama kunyoosha viungo tu. Hii ni sanaa ya kupigana. Mwondoko uitwao kushika mkia wa ndege una kazi nne ndani yake: kukinga, kuvuta nyuma, kubana na kusukuma. Anayejua kuna mtu wa kumsukuma huweka nyayo sawasawa. Asiyejua hupunga mikono hewani huku goti limepinda upande, na goti hilo litamuuma kuliko mwanzo. Ndiyo maana mafunzo ya asili yana zoezi la watu wawili, mikono imegusana, kila mmoja akitafuta mwenzake ayumbe.

Wala asikudanganye mtu kwamba miezi mitatu ya zoezi hilo itakuokoa kwa mnyang'anyi mwenye panga. Mpe pesa, urudi nyumbani. Faida yake ni kwamba ukisukumwa kwenye msongamano wa forodha, huanguki ovyo.

Vyama vyetu hukutana kulalamikia ushuru na vizuizi, na ni haki yao. Basi vichange pia nauli ya mwalimu kutoka Kampala, hata mara moja kwa mwezi, maana video ya simu hailioni goti lako. Na mstari wa mbele wakae akina mama, ndio wanaobeba kichwani.